Diski Niliyoipima kwa Kiganja

Tarehe 2 Machi

Mvua imeanza leo, na paa limeanza nayo. Nimetega ndoo sebuleni na sufuria juu ya kabati. Mjukuu wangu Mchwa hakushughulika na paa. Yeye alichukua nailoni nzuri ninayofunikia vitunguu vyangu sokoni akaenda kufunikia kompyuta yake, taratibu, kama anamfunika mtoto mwenye homa.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Bibi, wewe ukilowa utakauka. Hii hailowi mara mbili."

Nikamwambia ahsante, mke mwenzangu, leo nimejua cheo changu katika nyumba hii.

Jina la Mchwa nilimpa mimi. Tangu anatambaa, kitu hakibaki kizima mbele yake. Alikula redio, akala pasi, akala saa ya ukutani ya marehemu babu yake. Sasa ni msichana mkubwa, shule amemaliza, na mara hii habomoi, anaunga. Kasha la kompyuta ni la mtumba, limepinda kona moja. Vya ndani kanunua kimoja kimoja, kila alipopata. Kimebaki kile cha kuhifadhia kazi, kinaitwa diski.

Jioni mwanangu, baba yake, akapiga simu. Huyu ni dereva, anaishi mji mwingine na mkewe. Hakuzunguka.

"Mama, mvua zikikatika nakuja kumchukua. Nimempatia kazi ya kaunta kwa rafiki yangu."

"Ana kazi."

"Ana majaribio, Mama. Majaribio hayalishi mtu."

Ni kweli. Mpiga Picha, yule wa harusi, kamkabidhi harusi moja. Mchwa achague picha, akate, aunge, iwe filamu ya kutazamika. Ikitoka vizuri, anaajiriwa. Ikitoka vibaya, anapanda gari la baba yake.

Mimi sitaki aende. Naandika hivyo hivyo, sirembi. Nyumba hii bila yeye ni kuta na ndoo.

Tarehe 3 Machi

Mvua. Vitunguu vinaota mizizi ndani ya magunia. Sikuuza cha maana.

Tarehe 6 Machi

Nimemsindikiza Mchwa dukani kwa Dada wa Kompyuta. Duka lenyewe ni upenu wa chini ya ngazi, ukisimama wima unagonga kichwa. Dada huyo ana kucha ndefu lakini anashika skrubu ndogo kuliko mchele.

Akatuwekea vitu viwili kwenye kaunta. Cha kwanza kizito, cha chuma, kimeshatumika kwingine. Akasema ndani yake kuna sahani inazunguka kama santuri, na ina nafasi kubwa, ila ni ya polepole, na kwa kuwa imeshazeeka hajui itazunguka mpaka lini. Cha pili kipya, chembamba kama biskuti. Hakina kinachozunguka. Kinaitwa esesidi. Kina kasi sana, lakini kwa pesa aliyokuwa nayo Mchwa angepata kidogo tu, kisichotosha harusi yote.

Nikachukua kimoja kiganja hiki, kingine kiganja hiki.

"Chukua kizito," nikasema.

"Bibi, hapa uzito hausemi kitu."

"Hausemi kwako. Kitunguu kizito ni kizima. Chepesi kimeoza moyo. Nimemlisha baba yako kwa kiganja hiki."

Dada wa Kompyuta akacheka. "Bibi, hiki si kitunguu."

"Hata wewe si binti yangu, lakini nakuonya hivyo hivyo."

Mchwa akaangalia sakafu. Akasema tutarudi kesho kutwa. Njiani hakusema neno, na mimi nikaona ana adabu.

Tarehe 8 Machi

Kanunua biskuti. Alikwenda peke yake nikiwa sokoni, akaifunga mwenyewe, na kompyuta imewaka kabla sijamaliza kusema karibu. Hilo nakiri, ina kasi.

Nusu ya harusi imeingia humo: kuvishwa gauni, kiapo, watu kutoka nje wakirushiwa maua. Nusu nyingine, yaani sherehe ya jioni na hotuba na kucheza, imebaki kwenye kadi za kamera za Mpiga Picha. Nafasi imekwisha. Mchwa kasema atamwomba ampe muda na zile kadi.

"Mwombaji hapewi kazi," nikamwambia.

Tarehe 11 Machi

Leo nimefanya la maana. Kaja kijana sokoni, fulana ya manjano, begi mgongoni, mdomo wa asali. Anauza diski. Si hizo za kufunga ndani, hii ni ya nje, ina waya wake, unachomeka tu. Akasema ina nafasi mara nane ya ile biskuti. Bei aliyotaja nikamcheka, akashuka. Nikampa mgongo, akashuka tena. Nikaishika. Nzito! Imetulia kwenye kiganja kama kitunguu kilichokomaa shambani. Nikalipa.

Nyumbani nikaiweka mezani mbele ya Mchwa.

Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Bibi, umeitoa wapi?"

"Umeuliza kama polisi. Sema ahsante."

"Ahsante, Bibi."

Tarehe 12 Machi

Nimekasirika na bado nina hasira.

Nimerudi sokoni nimelowa mpaka mifupa, nakuta ile diski imechomekwa na kitaa chake kinapepesa. Namuuliza inafanya nini. Ananiambia anaijaribu: anaijaza mpaka juu kwa vitu vya bure, halafu anavisoma vyote aone kama vimo. Itachukua mpaka kesho.

"Kwani unaishuku?"

"Siishuku, Bibi. Kila diski hufanyiwa."

"Ile biskuti uliifanyia?"

Akageukia kile kitaa. Basi ndipo nikawaka. Nikamwambia nimechagua mali tangu baba yake hajaota meno, wenye magari wananipigia simu niwachagulie magunia, leo mtu niliyemfuta kamasi ananipima mbele ya chombo. Nikamwambia kama zawadi yangu inanuka, aniambie niitupe jalalani.

"Hainuki, Bibi."

"Basi ichomoe."

Akaichomoa. Alifanya hivyo polepole, macho yake hayakunigusa. Nikala nikashiba. Yeye alikula kidogo.

Tarehe 13 Machi

Mvua. Amenisalimia vizuri. Mambo yamepoa.

Tarehe 15 Machi

Mpiga Picha amefuata kadi zake. Mwanamume mrefu, mpole wa sauti, viatu kavivua mlangoni ili matope yasiingie, na hilo nikalipenda. Ana harusi nyingine kesho, anazihitaji. Mchwa alikuwa ameshahamisha kila kitu kwenye diski yangu, akamwonyesha kwenye skrini: majina ya vipande vyote yamejipanga, hakuna pengo.

"Umezifungua ukaangalia?" akauliza.

Mchwa akanitazama mimi. Kidogo tu. "Za mwanzo nimeangalia. Ziko sawa."

"Basi nazifuta kadi. Kazi naitaka mwezi ujao, wiki ya kwanza. Familia ya bi harusi inanisumbua."

Alipotoka nikampiga Mchwa begani. "Umeona? Ungekuwa unaombaomba sasa hivi."

Tarehe 17 Machi

Mvua na upepo. Mchwa anaunga ile nusu ya asubuhi. Nimeona bi harusi akicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Nzuri.

Tarehe 20 Machi

Leo nitaandika yote.

Nilikuwa jikoni. Nikasikia Mchwa akisema "hapana" peke yake. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta tundu. Halafu "hapana, hapana, hapana," na kubofya, na kubofya.

Nikaenda. Kwenye skrini majina yote yapo, yamejipanga vilevile kama siku ile. Anafungua la kwanza: wageni wanaingia ukumbini, sawa. La pili, sawa. La tatu watu wakaganda, nyuso zao zikawa miraba, skrini ikawa kijivu. La nne kijivu. La tano halifunguki kabisa. Akaenda mpaka la mwisho. Kijivu, kijivu, kijivu.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika, Bibi. Haikuwahi kuwa."

Akachukua kisu cha jikoni akakipitisha kwenye ungio la lile kasha, likaachia. Nimeona kwa macho yangu mawili. Ndani kuna kadude ka kumbukumbu kadogo kama ukucha wa kidole gumba. Pembeni yake wamegandisha kwa gundi nati za gari. Nati! Kubwa, za tairi. Nafasi nyingine yote ni tupu.

"Za nini hizi?" Nilijua, lakini nikauliza.

"Za uzito."

Akanieleza bila kuinua sauti. Hako kadude kana nafasi ndogo sana, ila wamekafundisha kusema uongo. Kompyuta ikikauliza kana nafasi gani, kanataja kubwa. Ukikapa mali kanapokea, kanaandika jina, kanapepesa taa. Kakijaa kanaendelea kupokea na kutupa, kanapokea na kutupa. Usipokajaza na kukasoma huwezi kujua.

Usipokajaza na kukasoma.

Nikakaa chini. Nilitaka anifokee. Mimi ningefoka, majirani wangetoka na miavuli. Yeye akaokota zile nati, akazipanga mezani, akaniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha.

"Mchwa, nitukane basi!"

"Nikutukane kwa nini, Bibi? Ulikuwa unanisaidia."

Hilo limeniuma kuliko tusi. Sherehe nzima ya watu imekwenda. Baba wa bi harusi kasimama kutoa hotuba, mimi nimeitupa. Na gari la mwanangu linakuja.

Tarehe 21 Machi

Nimezunguka soko lote nikiitafuta fulana ya manjano. Hayupo. Muuza viatu kaniambia, "Bibi, yule hukaa mpaka ampate mmoja." Nikamuuliza mbona hukunionya. "Ungenisikia?"

Tarehe 22 Machi

Mchwa kaenda kwa Mpiga Picha asubuhi. Karudi na uso umefungwa. "Kasema nimletee nilichonacho, wiki ileile aliyosema." Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Tarehe 24 Machi

Nimeshindwa kukaa. Nimejaza mfuko vitunguu bora nilivyobakiwa navyo nikaenda studio kwa Mpiga Picha. Chumba kimoja, pazia jeusi, taa zenye miavuli. Nikakataa kiti.

"Baba, kosa ni langu. Diski niliinunua mimi."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Wewe?"

"Mimi. Yeye alitaka kuijaribu, nikamkatalia. Nilimwambia aichomoe, akaichomoa."

Nilidhani atalainika. Akakunja uso.

"Bibi, binti kaniambia aliichagua yeye mwenyewe. Nimemuuliza mara mbili."

"Alikuwa ananifichia aibu."

"Ndiyo, na mimi akanidanganya." Hakupaza sauti, heri angepaza. "Diski mbovu inampata kila mtu, hata mimi ilinipata. Lakini siku ile nilimuuliza umeangalia, akasema ziko sawa. Alijua hajaangalia zote. Aliogopa kusema mbele yako. Sasa niambie, bi harusi akimwambia futa hiki, mama mkwe akimwambia usifute, atafanya nini? Atafuta huku analia?"

Nikaushika mfuko wa vitunguu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo humchukui."

"Sijasema. Nitaangalia atakacholeta. Vitunguu rudi navyo."

Nimerudi navyo. Mvua ilininyeshea njia nzima, wala sikuona haja ya kujikinga. Siku zote nilisema mjukuu wangu ana adabu. Nilimsifu mpaka kwa wateja: wangu hajibu, wangu habishi. Kumbe nilikuwa nasifu woga, na woga wenyewe niliupika mimi.

Tarehe 25 Machi

Nimemwambia Mchwa nilikokwenda. Amelia kidogo, kwa hasira, nadhani. Nadhani tu, maana hakusema.

Halafu akasema, "Nataka kwenda kwa mama wa bi harusi. Mwenyewe. Kabla hajaambiwa na mtu."

"Twende."

"Nitaongea mimi, Bibi."

"Ongea wewe. Mimi nitabeba mwavuli."

Tarehe 26 Machi

Mama wa bi harusi alitupokea kwa chai, na Mchwa alipomaliza kueleza, chai ikabaki mezani. Yule mama akasimama. Akasema maneno. Mengine siyaandiki, Mchwa asije akayasoma akajua nayakumbuka. Mdomo wangu ulitaka kufunguka; nikaubana kwa kitambaa.

Mchwa hakukimbia. Alingoja yakaisha, akasema, "Mama, ukumbini kila mtu alikuwa ameinua simu. Naomba unitajie waliokuwepo. Nitapita kwa kila mmoja, nichukue walichorekodi, niunge upya."

"Simu? Harusi ya mwanangu kwa simu?"

"Hotuba ya baba yake ipo kwenye simu ya mtu. Nisipoitafuta sasa, wataifuta wapate nafasi."

Yule mama akakaa. Akafuta macho. "Hata mimi sikuisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma nagombana na wapishi."

Akaanza kutaja watu.

Tarehe 27 Machi

Tumetembea. Matope hadi vifundoni.

Tarehe 28 Machi

Tumetembea. Mzee mmoja karekodi sherehe nzima, sakafu tupu, simu ilikuwa imeangalia chini. Anajisifu ni kazi safi. Mchwa akaichukua kwa heshima zote, akasema sauti itamfaa.

Kila anachopata anakiweka mara mbili: nakala moja kwenye biskuti, ambako alipunguza vitu vyake vyote pamoja na picha zake za shule, na nyingine kwenye ile diski ya mtumba ya sahani inayozunguka, ambayo Dada wa Kompyuta kamwazima. Aliijaza mpaka juu na kuisoma yote kabla ya kuitumia. Ilichukua siku na usiku. Nilipita mbele ya kile kitaa nikaenda zangu.

Tarehe 30 Machi

Hotuba imepatikana! Kwenye simu ya shangazi wa bwana harusi. Kofia ya mtu imeziba nusu ya baba wa watu na kuna mjomba anakohoa, lakini maneno yote yapo. Mama wa bi harusi alikuja mwenyewe kuitazama hapa kwangu, kati ya ndoo. Akairudia, akairudia tena. Wakati wa kuondoka alinunua vitunguu. Nilijipunja bei, kwa faida yake.

Tarehe 4 Aprili

Mchwa kapeleka kazi. Mpiga Picha kaitazama mwanzo hadi mwisho amesimama. Kasema imeungwa vizuri, na ile ya jioni ina joto kuliko yake ya asubuhi. Mchwa akamwambia, "Nilikudanganya. Sikuwa nimeangalia zote." Akasema anajua.

Hajamwajiri. Kampa harusi nyingine, majaribio tena.

Mvua imekatika tangu jana. Anga kavu kama sahani iliyooshwa.

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu amekuja. Kaegesha gari mlangoni, kala, kamsikiliza binti yake akieleza yote. Yote kweli; hata nati kamtajia. Halafu akasema, "Majaribio juu ya majaribio. Funga nguo, mwanangu."

Mchwa akatoka kwenda uani. Nikabaki na mwanangu.

Nikamwambia kosa ni langu, sikumpa mtoto nafasi ya kunikatalia. Nilitegemea atanibembeleza kama kawaida yake. Akageuza glasi mezani, akageuza tena.

"Mama, kwani mimi niliwahi kukukatalia?"

"Wewe? Hata siku moja. Ulikuwa mtoto mzuri."

"Nilishindwa. Ndiyo maana nilihamia mbali." Akasema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya barabara. "Huko nakupenda vizuri zaidi."

Nimezaa mtoto mmoja, na nimemjua leo, ameshaota mvi.

Basi nikafikiri: kama kukaa na mimi kunawafanya hivyo, mtoto aende. Nikatoka uani. Nikasema kwa sauti ya sokoni, maana sina nyingine. "Mchwa! Baba yako ana haki. Hapa nitakuharibu. Funga nguo, panda gari."

Alikuwa anaanua nguo. Hakuangalia chini safari hii.

"Hapana, Bibi."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Sitapanda. Na si kwa sababu yako, usijipe kichwa. Nina harusi ya watu mkononi." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. Akamgeukia baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na wewe baba, samahani. Hapana. Nipe mpaka mvua nyingine. Nikishindwa nitakuja mwenyewe."

Nguo zilizobaki kwenye kamba zikapigwa na upepo. Mwanangu akanitazama kama anangoja nilipuke. Kwa kweli kilinipanda, kilifika hapa kooni. Nikakimeza. Kilishuka kwa shida.

"Mimi sina la kuongeza," nikasema.

Mwanangu akacheka, kicheko cha kushtuka. Akasema hajawahi kuisikia sentensi hiyo kinywani mwangu, angependa niirudie arekodi kwenye simu.

Akaondoka kabla giza halijaingia. Kwenye gari, kiti cha pembeni yake kilikuwa na ndoo zangu mbili zinazovuja, anazipeleka kuzibwa.

Tarehe 9 Aprili

Jua. Nimemwita Mchwa aje ale, akasema hapana, mpaka amalize. Nimefunika sahani yake.